Msimulizi Anayekatizwa: Usimulizi wa Wagonjwa wa Saratani ya Matiti katika Nakuru na Bonde la Ufa la Kati

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza namna wanawake wanaougua saratani ya matiti katika Nakuru na sehemu za kati za Bonde la Ufa wanavyousimulia ugonjwa wao, na kile ambacho usimulizi huo unatufunulia kuhusu mahitaji yao. Huenda msomaji akajiuliza kwa nini suala hili liletwe katika jarida la uhakiki wa fasihi, ilhali lina wataalamu wake katika vitivo vya udaktari na uuguzi. Jibu letu ni kwamba haja ya mgonjwa haipapaswi kwa vidole kama uvimbe unavyopapaswa. Humfikia daktari, muuguzi, jamaa na mtunga sera ikiwa imekwisha kuwa maneno, na maneno hayo yamekwisha kupita katika tanzu zenye kanuni zake: ushuhuda wa kanisani, tangazo la harambee, tanzia, mazungumzo ya benchi la kliniki. Kila utanzu una mambo unayoyapa nafasi na mengine unayoyanyima. Mwenye kutaka kujua mgonjwa anahitaji nini hana budi kujua kwanza ni utanzu upi uliomruhusu kusema.

Tafiti nyingi za mahitaji ya wagonjwa, za hapa na za ng'ambo, huyakusanya maneno yao na kuyapanga katika mafungu: haja ya habari, haja ya faraja, haja ya fedha, haja ya dini. Kisha hesabu hufanywa, na fungu lililojaa zaidi hutangazwa kuwa ndilo haja kuu. Hatuidharau kazi hiyo, kwani imewasaidia wengi. Hata hivyo, inachukulia kuwa kinachotajwa mara nyingi ndicho kinachohitajika zaidi, nalo ni wazo ambalo mhakiki wa fasihi hawezi kulikubali bila kulihoji. Mwanamke akimtaja Mungu mara ishirini katika ushuhuda, huenda ni kwa sababu ushuhuda ndivyo ulivyo. Na asipolitaja titi lake hata mara moja, haina maana kwamba titi lenyewe si hoja.

Ukubwa wa jambo lenyewe unajulikana. Kwa mujibu wa makadirio ya GLOBOCAN, mwaka 2020 Kenya ilikuwa na wagonjwa wapya 6,799 wa saratani ya matiti, na wanawake 3,107 walifariki kwa sababu yake. Hakuna saratani nyingine inayowapata wanawake wa Kenya wengi kiasi hicho. Wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa katika hatua ya 3 au ya 4. Kwa miaka mingi Hospitali Kuu ya Kenyatta mjini Nairobi ndiyo iliyokuwa hospitali ya pekee ya umma yenye mashine za mionzi, na mgonjwa wa Nakuru alipaswa kusafiri kilomita 160 hivi kuifikia. Aliyetoka Olenguruone, Kuresoi au Eldama Ravine alikuwa na safari nyingine ya kufika Nakuru kwanza. Baadaye Eldoret na kisha Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji Desemba 2021, zilipata vituo vyake. Usimulizi tunaouzungumzia umezaliwa katika njia hiyo, na kwa kiasi kikubwa muundo wake ni muundo wa safari: kituo, kusubiri, kuambiwa urudi, kituo kingine.

Jina la ugonjwa

Ugonjwa huu mmoja huishi katika lugha tatu. Katika faili la hospitali unaishi kwa Kiingereza. Nyumbani unaishi kwa Kigikuyu, Kikalenjin, Ekegusii, Kiluhya au lugha nyingine ya mama. Baina ya mahali hapo pawili, yaani katika matatu, kwenye foleni ya dawa na katika benchi la kliniki, unaishi kwa Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili cha mgonjwa wa Nakuru si lugha ya mamlaka inayotoa hukumu, wala si lugha ya ukoo inayolia. Ni lugha ya watu wasiojuana ambao wamepatwa na jambo moja. Tutalirudia jambo hili tutakapolizungumzia benchi.

Hata ndani ya Kiswahili kuna majina mawili. Saratani ni neno la Kiarabu lenye maana ya kaa, yule mnyama wa baharini, kama lilivyo neno la Kigiriki karkinos ambalo ndilo asili ya majina ya ugonjwa huu katika lugha nyingi za Ulaya. Katika elimu ya nyota ya waswahili Saratani ni mojawapo ya buruji. Mzungumzaji wa bara hamsikii kaa ndani ya neno hilo. Kwake saratani ni neno la taarifa ya habari na la bango la wizara. Kansa ndilo neno la nyumbani. Mgonjwa anayetumia neno kansa anazungumza juu ya mwili wake, na huyohuyo akipewa kipaza sauti atasema saratani. Vivyo hivyo kwa kiungo chenyewe. Kamusi hutupa titi, ziwa na nyonyo. Mabango hutumia wingi, matiti, kana kwamba ugonjwa hauna upande. Na mgonjwa mwenyewe, hasa akiwa mbele ya wanaume, husema kifua. Tafsida hii ina gharama. Mwanamke anayemwambia mhudumu wa zahanati kwamba ana maumivu ya kifua huweza kurudi nyumbani na dawa ya kikohozi.

Lakini neno lililotushughulisha zaidi ni kitenzi. Katika Kiswahili cha Kenya mtu hupatikana na kansa. Kitenzi hichohicho ndicho kinachotumiwa mahakamani: mtu hupatikana na hatia, au hupatikana na mali ya wizi. Hatudai kwamba kila anayekitamka huifikiria mahakama. Tunadai tu kwamba sentensi yenyewe imekwisha kupanga nafasi za wahusika: kuna aliyetafuta, kuna aliyepatikana, na kitu kilichopatikana naye kilikuwa mikononi mwake tangu awali. Hatua kutoka hapo hadi swali la “ulifanya nini?” ni fupi sana, na wagonjwa wengi huulizwa swali hilo, au hujiuliza wenyewe: je, ni sindano za kupanga uzazi, ni kutonyonyesha, ni pigo la zamani kifuani, ni mtu aliyenitazama vibaya? Mgonjwa huyu anahitaji kuondolewa kizimbani kabla ya kuhitaji habari za tiba. Haja hiyo haitaonekana katika fungu lolote la dodoso, kwani imefichwa katika sarufi.

Methali nayo imechangia. Kampeni za afya hupenda ile isemayo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo humweka mgonjwa mwenyewe kuwa mfichaji. Ukiyasikiliza masimulizi ya wanawake waliochelewa, hata hivyo, mara nyingi utakuta kwamba hawakuficha; waliuonyesha uvimbe katika zahanati wakaambiwa ni wa maziwa, wakaambiwa utaisha, wakaambiwa wakapige picha ambayo mashine yake ilikuwa mji mwingine, wakakosa nauli. Methali inasimulia kisa kingine kabisa, nacho ndicho kisa kinachopachikwa ukutani.

Ushuhuda

Utanzu mkuu ambao mwanamke wa Nakuru mwenye saratani hupewa nafasi ya kujisimulia hadharani ni ushuhuda. Ni utanzu wa fasihi simulizi wenye umbo madhubuti, na unastahili kuhakikiwa kwa heshima. Hufungua kwa salamu ya kusifu inayoitikiwa na hadhira. Huendelea kwa kueleza hali njema ya awali. Hushuka hadi katika balaa, ambapo daktari huonekana kama mtabiri wa mauti. Hufika katika ombi. Kisha hugeuka ghafla kwenye muujiza, na kuishia kwa shukrani inayoitikiwa tena. Hadhira si watazamaji. Ni washiriki wanaoidai hadithi ifike mwisho wake.

Tusiubeze utanzu huu. Makanisa ya Nakuru yamekuwa miongoni mwa mahali pa kwanza ambapo mwanamke alisimama mbele ya watu mia akasema kwa sauti kwamba titi lake limeondolewa, na akapigiwa makofi. Wanaochangisha nauli, wanaopika na wanaolala na watoto wa mgonjwa mara nyingi ni walewale waliousikia ushuhuda. Mhakiki anayeuona ushuhuda kama udanganyifu mtupu hajui kuusikiliza.

Tatizo liko katika njeo. Ushuhuda hukamilishwa na kiambishi -me-: nimepona. Bila kitenzi hicho hakuna ushuhuda, kuna ombi tu, na ombi lina siku yake nyingine katika ratiba ya ibada. Sasa tumtazame mwanamke ambaye uvimbe wake ulikuwa wa aina inayolishwa na homoni. Baada ya upasuaji, dawa za mishipa na mionzi, huandikiwa tamoksifeni, kidonge cha kila siku, kwa miaka 5 na mara nyingine hadi 10. Jumapili anasimama na kusema amepona. Jumatatu asubuhi anameza kidonge, na Jumanne, na siku elfu moja na mia nane hivi zinazofuata. Kidonge hicho hakina mahali katika hadithi aliyoisimulia. Akimeza mbele ya wenzake, anaonekana kutoiamini hadithi yake mwenyewe. Akiacha, ameitii kanuni ya utanzu kwa gharama ya mwili.

Isitoshe, ugonjwa huu una tabia ya kurudi, mara nyingine baada ya miaka mingi, katika mifupa, mapafu, ini au ubongo. Mwanamke aliyekwisha kushuhudia akirudiwa hana utanzu. Hawezi kushuhudia kinyume. Wenzake hawana maneno ya kumpa, kwa sababu hadithi waliyoipigia makofi ilikwisha. Ndiyo maana tunashuku kwamba ukimya wa waliorudiwa, ambao wauguzi huuita kukata tamaa, kwa sehemu kubwa ni ukimya wa kiutanzu: msimulizi amenyimwa sura inayofuata.

Kiswahili chenyewe hakikosi njia. Kina neno nafuu, ambalo si kupona wala si kuugua. Kina “naendelea”, ambalo halina mwisho. Hivyo ndivyo wagonjwa husema wanapokuwa nje ya jukwaa. Tofauti kati ya “nimepona” ya jukwaani na “naendelea” ya uani ndiyo tofauti ambayo mhakiki anapaswa kuipima, na ndani yake imo haja moja kubwa, nayo ni ruhusa ya kuwa na hadithi isiyokwisha.

Changizo na tanzia

Kuhusu tangazo la harambee tutasema kwa ufupi. Ni maandishi ya haraka yenye picha ya mgonjwa alipokuwa mzima, jina la ugonjwa, kiasi cha fedha na namba ya kutumia pesa. Msimulizi wake ni kamati. Hadithi yake lazima iwe ya dharura, yenye tarehe na tarakimu, la sivyo hakuna atakayetoa. Kwa hiyo upasuaji huchangiwa, safari ya India huchangiwa, lakini vidonge vya miaka mitano, nauli za kila wiki ya tatu na vipimo vya kila mwaka havichangiwi, kwa kuwa havina siku ya kilele. Bima ya umma, iliyokuwa NHIF tangu 1966 na kupisha mpango mpya wa Mamlaka ya Afya ya Jamii Oktoba 2024, imebeba sehemu ya mzigo, na kila kikomo chake kinapofikiwa tangazo hurudi. Mara ya pili mgonjwa huona haya. Sura yake imekwisha kutumika.

Tanzia ilikuwa, kwa miongo mingi, utanzu wa kutotaja. Marehemu alifariki baada ya kuugua kwa muda mrefu; basi. Jambo hilo limebadilika mbele ya macho yetu. Wangari Maathai alipofariki Septemba 2011, saratani ya ovari ilitajwa kwa jina. Katika serikali ya miaka ya 2008 hadi 2013, mawaziri wote wawili wa afya, Beth Mugo na Anyang' Nyong'o, waliutangazia umma kwamba wana saratani, yeye ya matiti na mwenzake ya tezi ya kiume, na sheria ya kuzuia na kudhibiti saratani ikapitishwa mwaka 2012. Kisha ikaja Julai 2019. Katika mwezi huo mmoja walifariki Bob Collymore wa Safaricom, Ken Okoth, mbunge wa Kibra, na Joyce Laboso, gavana wa Bomet, ambaye kabla ya siasa alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Egerton, hapa Njoro. Magazeti hayakuficha neno. Watu wakadai saratani itangazwe kuwa janga la kitaifa.

Faida ya kutaja ni kubwa, lakini ploti iliyokuja pamoja nayo ilikuwa ya wakubwa. Katika hadithi ya waziri au gavana kuna uwanja wa ndege, hospitali ya Marekani, Uingereza au India, na kurudi. Mgonjwa wa Bahati au Subukia alilipata jina la ugonjwa kutoka kwenye hadithi hiyo, wala hakupata njia yake. Ilimfundisha kwamba tiba iko mbali, ilhali sehemu kubwa ya tiba aliyoihitaji ilikuwa imeanza kupatikana katika mji wake.

Nani msimulizi?

Arthur Frank, katika kitabu chake cha 1995 kuhusu msimulizi aliyejeruhiwa, aliyagawa masimulizi ya wagonjwa katika aina tatu: ya kurejea katika afya, ya vurugu isiyo na mpangilio, na ya safari ya kutafuta maana. Ugawaji huo umenukuliwa sana, na tayari tumeonyesha kwamba ushuhuda unaweza kuingizwa katika aina ya kwanza bila shida. Hata hivyo, unajengwa juu ya dhana moja ambayo hapa kwetu haisimami yenyewe, yaani kwamba mgonjwa ndiye mwenye hadithi. Frank anauliza mgonjwa anasimulia nini. Katika Nakuru inatupasa tuulize kwanza kama anasimulia yeye.

Mwanamke huingia chumba cha daktari akiwa na mume, shemeji, binti au mwana aliyesoma. Mara nyingi matokeo huelezwa huyo aliyesoma, kwa Kiingereza, na mgonjwa hupewa muhtasari. Nyumbani huitwa “mgonjwa wetu”. Tuutazame umilikishi huo kwa makini. “Wetu” ni neno la mapenzi. Linasema kwamba hatakufa peke yake na kwamba gharama si yake pekee. Hapohapo linamhamisha kutoka nafsi ya kwanza hadi ya tatu. Wanaokuja kumwona huuliza “mgonjwa wetu anaendeleaje?” akiwa ameketi hapohapo, na jibu hutolewa na mwingine. Ukoo wenye upendo mwingi unaweza kumkatiza msimulizi kabisa.

Hapa ulinganisho na maandishi ya nje unatufaa. Susan Sontag alipoandika mwaka 1978 kitabu chake juu ya ugonjwa kama sitiari, alikuwa amekwisha kutibiwa saratani ya matiti, lakini hakujitaja. Alichagua nafsi ya tatu ili hoja yake isionekane kuwa kilio. Audre Lorde, aliyeondolewa titi mwaka huohuo wa 1978 na kuchapisha shajara zake mwaka 1980, alifuata njia iliyo kinyume: kila kitu ni mimi. Anasimulia jinsi alivyoletewa titi la bandia la sufi na jinsi muuguzi wa daktari wake alivyomwambia kwamba kutolivaa kunavunja ari ya wengine pale kliniki. Tukio hilo ni muhimu kwa hoja yetu. Waliomletea waliamini wanatimiza haja yake. Haja waliyoitimiza ilikuwa ya wale waliomtazama. Basi Sontag aliikimbia nafsi ya kwanza na Lorde akaing'ang'ania, lakini wote wawili walikuwa na uwezo wa kuchagua. Mgonjwa wetu, tukiruhusiwa kulitumia neno lenyewe, hajaulizwa.

Tunakubali pingamizi moja. Yapo masimulizi ya pamoja ambayo ni halali, na si kila mwanamke wa Bonde la Ufa anataka kuwa Lorde. Yuko anayefarijika kwa kusemewa, na kumlazimisha aseme “mimi” ni kumvisha vazi jingine la bandia. Suala ni kama ana mahali popote ambapo anaweza kusema kwa nafsi ya kwanza pale anapotaka.

Benchi

Mahali hapo, kwa maoni yetu, ni benchi la kliniki, na ndilo ambalo uhakiki umelipuuza kabisa. Mazungumzo ya benchi hayana jina kama utanzu. Hayana mwanzo wala mwisho. Hukatizwa na jina linapoitwa. Wazungumzaji huenda wasiulizane majina. Huulizana “umetoka wapi?”, na “hii ni dawa yako ya ngapi?” Katika mji ambao Januari 2008 jirani alimwogopa jirani kwa sababu ya lugha ya mama yake, si jambo dogo kwamba mwanamke wa Elburgon na wa Mogotio, ambao kila mmoja ana lugha nyingine nyumbani, huonyeshana makovu kwa Kiswahili.

Kiini cha mazungumzo haya ni swali. Ushuhuda hauna maswali, tangazo halina, tanzia haina, na katika chumba cha daktari maswali huulizwa na daktari. Benchi ndilo utanzu pekee ambamo mgonjwa huuliza. Na anachouliza hakifanani na mafungu ya watafiti. Huuliza kuhusu dawa nyekundu. Miongoni mwa dawa za mishipa kuna doksorubisini, ambayo ina rangi nyekundu na huweza kuufanya mkojo uwe mwekundu kwa siku moja au mbili. Asiyeambiwa mapema hudhani anatoka damu. Hulala macho hadi asubuhi, na hurudi hospitalini kwa nauli ya kukopa. Mwenzake wa benchi angalimwonya kwa sentensi moja. Huuliza pia kama kucha zitarudi rangi yake, kama hedhi iliyokoma itarudi, kama anaweza kulala na mumewe, na kama mume wa mwenzake bado yupo.

Huuliza kuhusu mkono. Hapa tunaomba kukaa kidogo, kwa kuwa ni mfano ulio wazi wa haja ambayo haivuki mipaka ya utanzu wake. Tezi za limfu zikiondolewa kwapani, au kwapa likipigwa mionzi, mkono wa upande huo huweza kuvimba, na uvimbe huo ukizoeleka hauondoki kwa urahisi. Katika vijitabu vya nchi tajiri mkono una kurasa zake, lakini kinachotangulia kwenye jalada ni nywele na umbo la kifua. Katika Molo, ambako mwanamke huchimba viazi, au Rongai, ambako hukamua, huchota maji na kubeba kuni, mkono ndio riziki. Akiambiwa tu “usibebe vitu vizito”, ameambiwa asiishi. Anachokitaka ni kujua ni uzito gani, baada ya miezi mingapi, kwa mazoezi yapi, na nani atachota maji kwa sasa. Swali hilo ni la mwili, la uchumi na la ndoa kwa pamoja, na kulitia katika fungu la “habari” ni kulikata vipande.

Benchi lina hatari zake, wala hatutaki kulipamba. Hapo pia ndipo mitishamba husifiwa na wauzaji wake, na ndipo mtu huambiwa kwamba kisu huusambaza ugonjwa. Lakini hata uvumi huo huenda pamoja na swali, na swali likisikika linaweza kujibiwa.

Inafaa tutaje hapa neno “pole”. Mgonjwa akiisema habari yake nje ya benchi, hujibiwa pole. Neno hili zuri hukiri maumivu na papo hapo huyafunga mazungumzo. Baada ya pole hutarajiwa asante. Ipo hata hivyo salamu yetu nyingine, “ugua pole”, inayosikika sana nchini Kenya. Ukiichambua, haimtakii mgonjwa apone. Inamtakia augue taratibu, yaani inakubali kwamba kuugua kuna muda wake na kwamba ndani ya muda huo mtu anaweza kutendewa kwa upole. Hakuna “nimepona” ndani yake. Tunaiona kuwa karibu zaidi na mahitaji ya mwanamke wa tamoksifeni kuliko hotuba nyingi za Oktoba, mwezi wa utepe wa waridi.

Mwana Kupona na wino

Fasihi ya Kiswahili ina matini moja kongwe ya mwanamke mgonjwa, na inashangaza kwamba mara chache imesomwa hivyo. Mwana Kupona binti Msham aliutunga utenzi wake yapata mwaka 1858, akiwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, akiwa mgonjwa, na akafariki miaka michache baadaye. Toleo la Alice Werner na William Hichens la 1934 liliupa jina la Kiingereza linalosisitiza wajibu wa mke, na tangu hapo mjadala umekuwa juu ya utiifu: wengine wakamsifu, wengine, hasa wahakiki wa kike, wakamlaumu au wakatafuta kejeli katika maneno yake. Mijadala hiyo ina thamani, lakini imemfanya mtunzi kuwa mshauri tu.

Tukiusoma utenzi huo kama usimulizi wa mgonjwa, mpangilio wake hubadilika. Unaanza kwa binti kuitwa karibu, kwa wino na karatasi, na kwa mama kutaja muda ambao ameugua. Unaishia katika dua ndefu ambamo anajiombea mwenyewe na watu wake. Wasia wenyewe, ambao wahakiki wameugombea, umewekwa katikati, kati ya mwili unaougua na mwili unaoomba. Haja ya kwanza anayoitaja si dawa. Ni mtu wa kukaa naye karibu na chombo cha kuandikia. Na anasema “mimi” tangu mwanzo, huku ukoo wake ukiwa chumbani. Hakuna aliyemgeuza kuwa mgonjwa wetu, kwa kuwa ndiye aliyetuma wino uletwe.

Hatudai kwamba hali ya Pate ya karne ya 19 na ya Nakuru ni moja. Mwana Kupona alikuwa wa tabaka la watawala, na utenzi ulikuwa utanzu uliomngoja. Tunasema tu kwamba alikuwa na utanzu ulioweza kubeba ugonjwa usiokwisha, mafundisho, hofu na dua kwa pamoja, jambo ambalo ushuhuda, tangazo na tanzia haziwezi. Katika faili la mgonjwa wa leo, baada ya jina, umri na makazi, kuna mstari unaotengewa lalamiko lililomleta, kwa maneno yake mwenyewe. Mstari huo huandikwa na mtu mwingine, kwa Kiingereza, na kwa kawaida huwa na maneno matatu au manne.